Bustani ya Maua Mvua Ziishapo

Mwezi wa Agosti, mahindi yakiisha kuvunwa na mtama ukiwa umeanikwa uani, bustani za maua katika sehemu za Rangwe huwa katika uzuri wake wote. Mvua ndefu zimekwisha, magugu yamepungua nguvu, na mwenye nyumba hupata nafasi ya kukaa kitini jioni na kutazama alichokipanda mwezi wa Machi. Kiswahili kina neno moja, ua, kwa kile kichanuacho na kwa kile kizungukacho nyumba. Na huko Rangwe mambo hayo mawili hukutana, maana bogenvilia hupandishwa juu ya ua wa mnyaa, ule ambao Waluo huuita ojuok.

Maua mengi yapendwayo ni wageni. Zinia na kosmosi asili yake ni Mexico, bogenvilia imetoka Amerika ya Kusini, na vinka, ua dogo la rangi ya waridi lisilojali ukame, ni la Bukini. Katika vinka wataalamu walipata dawa za saratani ya damu, ambazo hospitali huzitumia hata leo. Lakini mmea wenyewe una sumu, na si wa kuchemshwa jikoni.

Taabu ya kwanza ya mwenye bustani ni udongo. Penye udongo mweusi, wakati wa mvua maji hutuama mpaka mizizi ikaoza, na wakati wa kiangazi ardhi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Matuta yaliyoinuliwa, yenye samadi iliyooza vizuri, husaidia sana. Kisha kuna maji. Nyumba ambamo mama na watoto huchota maji mbali haiwezi kumwaga ndoo nzima juu ya maua, wala mume mwenye akili hadai hivyo. Maji yaliyosuuzia mboga yatosha, yakimwagwa jioni penye shina, na majani makavu yakatandazwa juu yake.

Wako wasemao kwamba maua hayaliwi. Ni kweli, lakini nyuki wayafuatao hupitia pia maboga na alizeti za shamba. La kuogopwa ni kupanda kitu kwa uzuri wake tu. Gugu maji lilipelekwa nchi nyingi kutoka Amerika ya Kusini kwa ajili ya maua yake ya zambarau, na katika miaka ya 1990 lilitanda katika Ghuba ya Winam hata mitumbwi ya wavuvi ikashindwa kutoka pwani. Lantana nayo, iliyopandwa ili iwe ua wa kupendeza, imeingia malishoni, na ng'ombe wailapo huugua.

Zinia haina hila hiyo. Kichwa chake kikikauka hukatwa, kikaanikwa kivulini siku kadhaa, na mbegu hutiwa katika bahasha mahali pasipofika panya, mpaka Machi. Jirani akija kuomba, hupewa za kujaza kiganja.