Usikubali giaboksi ing'olewe kabla sensa haijapimwa

Umejinyima miaka, ukanunua gari lako la kwanza la otomatiki, kuukuu kutoka Japani. Siku moja Thika Road, gia inagoma kupanda, mshale wa spidi unaanguka hadi sufuri na gari bado linaenda. Fundi anasikiliza nusu dakika: "Giaboksi imekufa, boss. Tutafute ingine Grogan."

Ngoja kwanza! Amepima na nini? Mimi nilikubali, nikakopa, na giaboksi niliyonunua ikaanza mchezo ule ule. Kumbe ni waya wa sensa uliochubuka. Deni bado nalipa.

Sensa ya spidi ndiyo huambia kompyuta ya gari giaboksi inazunguka kwa kasi gani. Ikinyamaza, kompyuta hujilinda kwa kulifungia gari kwenye gia moja. Kwa hivyo dai mashine ya kusoma kodi ichomekwe hapo chini ya usukani. P0715 ni sensa ya upande wa kuingilia, P0720 ya kutokea. Hata hapo usikimbilie duka la spea. Kodi inataja saketi nzima, si sensa pekee. Plagi na waya zikaguliwe, kisha sensa yenyewe ipimwe kwa mita. Oili ya giaboksi nayo inuswe. Ikinuka kuungua, basi huenda fundi ana hoja.

Lakini akikwambia "hizo kompyuta hudanganya", mwombe funguo zako.