Anwani isiyohakikiwa ni hasara kwa mkulima na mfanyabiashara

Ni jambo la kawaida kumwona mkulima akihesabu magunia yake mara mbili, akipima asali yake na kuandika madeni ya wateja hadi shilingi ya mwisho. Ni nadra kumwona akikagua anwani zilizomo katika daftari hilohilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ningependa kuongeza kwamba mali hupotea vilevile pale daftari lenyewe linapokuwa limejaa anwani zilizokufa.

Chukua mfano wa Goweko, kata iliyoko Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, kwenye kituo cha reli ya kati baina ya Nyahua na Igalula. Ukanda huu unajulikana kwa tumbaku, asali ya miombo, karanga na mahindi. Soko la mazao haya haliko kijijini pekee. Mnunuzi anaweza kuwa Tabora mjini, Dodoma, au Dar es Salaam ambako kwa reli ni mamia ya kilometa. Mnunuzi huyo anataka sampuli, anatuma mkataba utiwe saini, anarudisha stakabadhi halisi. Benki nayo inatuma ilani ya mkopo. Yote haya yanahitaji anwani inayofika.

Kwa miaka mingi anwani yetu Tanzania ilikuwa sanduku la posta. Barua haikupelekwa nyumbani, ilisubiri mjini ndani ya sanduku hadi mwenyewe aifuate. Kwa mtu wa kijijini asiye na sanduku lake, njia ilikuwa kuazima sanduku la shule, la kanisa, la msikiti au la chama cha msingi. Utaratibu huu ulisaidia sana, lakini una udhaifu mkubwa. Mwalimu aliyekuwa akileta barua akihamishwa, barua zinabaki. Chama kisipolipia sanduku lake, huduma husitishwa, lakini namba ya sanduku inaendelea kusomeka kwenye lebo za chupa na kwenye mihuri. Mteja anaandika, anasubiri, hajibiwi. Haji kuuliza kuna nini. Anaenda kununua kwingine, na mfugaji nyuki anabaki akilaumu soko.

Wapo watakaosema siku hizi kuna simu, barua za nini? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Simu haiwezi kubeba kipuri cha mashine ya kusaga wala sampuli ya asali. Aidha, namba ya simu nayo ni anwani, na hufa kama anwani nyingine. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Waliobadili namba wakati ule wasiwaarifu wateja wao walipotea sokoni. Shirika la Posta Tanzania lina huduma inayomwezesha mtu kutumia namba yake ya simu kama sanduku la posta. Ni huduma nzuri, lakini inamdai mtumiaji atunze namba moja, isiwe leo hii, kesho ile.

Hatua kubwa zaidi ni ile ya anwani za makazi. Tarehe 8 Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi mjini Dodoma, na kazi ikafanyika nchi nzima kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23 mwaka huo. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zikaingizwa katika mfumo wa kidijitali unaojulikana kama NaPA.

Pamoja na namba ya nyumba na jina la barabara, anwani hii ina postikodi yenye tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza ni ya kanda, ya pili inakamilisha mkoa, ya tatu ni ya wilaya na mbili za mwisho ni za kata. Mkoa wa Tabora unaanza na 45, Singida 43 na Kigoma 47. Jirani zetu wa Kenya wana tarakimu tano pia, lakini kwao zinaonyesha ofisi ya posta lilipo sanduku, kama 00100 ya posta kuu ya Nairobi. Ya kwetu inaonyesha kata anamoishi mtu. Hii ni faida tusiyoitumia ipasavyo.

Faida yake ni nini? Nchi hii ina Majengo nyingi, Mwenge nyingi na Sokoni nyingi zisizo na idadi. Kifurushi kilichoandikwa "Majengo" tu kinaweza kuzunguka mikoa mitatu. Kikiandikwa postikodi, karani anaona mara moja kinaelekea wapi. Tena kodi inakamata makosa: ukiona anwani imeandikwa Tabora lakini inaanza na 43, ujue kuna kitu hakiko sawa, simama uulize kabla ya kulipia usafirishaji. Vivyo hivyo, kumbukumbu za zamani zinazosema "Tabora Vijijini" zinahitaji kusahihishwa, kwani leo tunazungumzia Wilaya ya Uyui.

Hata hivyo, kuwa na namba ukutani hakutoshi. Operesheni ya 2022 ilipiga picha ya siku ile. Tangu hapo nyumba mpya zimejengwa, nyingine zimebomoka, vijana wamehama, na wakulima wa tumbaku wanaofuata ardhi mpya wamejenga mbali na walipoandikishwa. Anwani ni kama shamba, usipolipalilia linaota magugu.

Historia ya njia hii yenyewe inatufundisha. Mfuko wa barua za Dk. David Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ulitoka Zanzibar ukielekea Ujiji kwa njia ya misafara. Mwaka uliofuata Henry Morton Stanley aliukuta umekwama Unyanyembe, hapa Tabora. Akauchukua, na ukamfikia mwenyewe Ujiji Novemba 1871, takriban mwaka mzima baadaye. Jina la mtu lilikuwa sahihi na mji ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha mzigo unasonga na kumfikia aliyeandikiwa. Leo reli ipo na simu ipo, lakini kasoro hiyo bado tunayo.

Kwa maoni yangu, uhakiki wa anwani usiachiwe serikali kuu wala kusubiri operesheni nyingine. Uanzie kwa anayepata hasara, yaani sisi wenyewe.

Kwanza, kila mfanyabiashara ahakiki daftari lake walau mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno fedha inapozunguka. Maswali ni matatu tu: Je, mahali hapa papo? Je, anwani imekamilika, ikiwa na namba ya nyumba, barabara au kitongoji, kata na postikodi inayolingana? Je, mtu huyu bado yupo pale? Ujumbe mfupi wa simu kwa mteja unajibu la tatu, nao ni nafuu kuliko nauli ya kifurushi kinachokwenda na kurudi.

Pili, vyama vya msingi viweke anwani ya makazi katika daftari la wanachama, na kuikagua msimu mpya unapoanza. Chama kinachojua mwanachama wake analima heka ngapi hakiwezi kushindwa kujua anakaa nyumba namba ngapi. Aidha, chama kinachoazimisha sanduku lake kiwe na mtu mmoja anayefuata barua, anayeziandika zilipoingia na nani kazichukua.

Tatu, mtendaji wa kijiji aandikishe nyumba mpya na kurekebisha taarifa za waliohama. Mkutano wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Dakika kumi za mkutano huo zinatosha kusoma mabadiliko ya anwani na kuwakumbusha wananchi wasing'oe vibao wala nguzo za barabara.

Nne, watoa huduma za vifurushi wasirudishe mzigo kimyakimya. Katika posta za kimataifa, barua inayorudi hubandikwa karatasi inayotaja sababu: hajulikani, amehama, anwani haitoshi, hakuja kuichukua. Kila sababu ina tiba yake. Mtumaji asiyeambiwa sababu atarudia kosa lilelile msimu ujao.

Upo wasiwasi kwamba kuandika anwani ya nyumba ni kumwelekeza mtoza ushuru au tapeli mlangoni. Wasiwasi huo usidharauliwe. Mwenye daftari la wateja ana wajibu wa kulitunza, asiligawe ovyo. Lakini kujificha kuna gharama yake pia. Afisa mikopo asiyeweza kukupata hakukopeshi. Mnunuzi asiyeweza kukufikia hanunui. Na ilani ikitumwa kwenye anwani uliyoijaza mwenyewe kisha ukaiacha ife, mtumaji atadai ametimiza wajibu wake, nawe utajua siku dhamana inaponadiwa.

Serikali imeshaweka namba, na kodi ya kata haimgharimu mkulima chochote kuiandika. Kabla ya kuchapa lebo mpya za asali au kutengeneza muhuri mwingine wa duka, nenda kwa mtendaji wako, thibitisha namba ya nyumba na postikodi ya kata yako, kisha waarifu wateja wako wote. Mkulima anayepatikana ndiye anayeuziana na watu wa mbali.