Wateja ndio wanaojua biashara yako ni ipi

Ndugu zetu wengi hapa Alief mnatuuliza kama akiba ya chama iingie kwenye duka la vyakula vya nyumbani, pale Bissonnet au Bellaire. Sisi tunasema, kabla hamjasaini mkataba wa pango, uzeni kwanza kidogo kidogo, muone watu wanarudia kununua nini.

Mwaka 2005 M-Pesa ilifanyiwa majaribio Kenya ili wakopaji wa Faulu walipe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Safaricom hawakubishana nao: ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo ikawa biashara yenyewe.

Tena wenye maduka waliosajili wateja walilipwa kamisheni. Hapa ndipo vyama vingi vinapotuudhi, maana wanataka kuletewa wateja bure, eti undugu! Mama aliyekuletea wanunuzi kumi kutoka kanisani mpe chake, na uiandike kwenye hesabu kama gharama. Na yule anayechukua unga bila kulipa kwa kuwa ni mtu wa kwetu? Huyo ni mdaiwa, naye muandike, na tarehe ya kulipa.