Tulishe kondoo mama mbele ya kununua dume

Kila mara bei ya dhahabu inapopanda, tunaonaka jambo moja hapa Bunia. Mtu anashuka kutoka Mongbwalu na makuta kidogo, na kwa kuwa shimo linaweza kukauka siku yoyote, anataka kuweka ile pesa ndani ya kitu chenye kinazaa. Ananunua kondoo. Ni akili nzuri, hatubishi. Lakini pesa karibu yote inaenda kwa dume mkubwa, na majike wanafungwa kamba kandokando ya barabara, wajitafutie. Miezi mitano ikipita, mtoto anatoka mdogo kama paka, usiku wa kwanza baridi inamuua, na watu wanasema: damu ya dume ilikuwa mbaya.

Sisi tunasema mara nyingi si damu, ni njaa.

Damu iko na kazi yake, ndiyo. Baba na mama wote wanatoa ukubwa. Lakini tumbo la mama ndilo linaweka mpaka. Mwaka 1938, kule Uingereza, Walton na Hammond walitangaza matokeo ya kupandisha farasi wakubwa wa Shire na wale wafupi wa Shetland, kwa pande zote mbili. Mtoto aliyebebwa na mama Shire alizaliwa na uzito karibu mara tatu ya yule wa mama Shetland, ingawa damu yao ilikuwa mchanganyiko ule ule. Kwa kondoo pia ukubwa wa mama unahesabika. Na ukimpandisha jike mchanga kwa dume mkubwa kupita kiasi, mtoto anaweza kukwama, ukapoteza wote wawili.

Tufanye hesabu. Kondoo anabeba mimba karibu siku 150. Karibu sehemu mbili kwa tatu za uzito wake, mtoto anazipata ndani ya wiki sita za mwisho. Jike aliyepandwa mwezi wa tisa, wiki hizo zinaangukia mwezi wa kwanza na wa pili, wakati majani ya Irumu na Djugu yamekauka. Kama iko na mapacha, ni mbaya zaidi: anayeyusha mafuta ya mwili wake mpaka analala chini, hanyanyuki tena. Hata akizaa, maziwa ya kwanza hayatoshi.

Ba mama, wakati ba papa wako shimoni, ninyi ndio wachungaji. Majani ya viazi, majani ya maharagwe, maganda ya mihogo yaliyokaushwa vizuri kwa jua (mabichi yako na sumu), machicha ya pombe kidogo kidogo, chumvi, maji safi. Mengi ya hayo tunayatupa kila siku.

Watu watatujibu: usalama. Ni kweli, wengi wameacha malisho yao, wanaishi kambini au kwa jamaa, na jike wa kamba hachagui majani. Ndiyo maana tunaona afadhali majike wawili wenye kushiba kuliko sita wenye njaa. Dume mwazime kwa jirani, lakini asipande mabinti zake mwenyewe. Damu moja ikirudiarudia, watoto wanazaliwa dhaifu.

Atakayeshuka na gramu zake wiki hii, mbele ya kuuliza bei ya dume, apitishe mkono juu ya mgongo wa jike wake. Kama mifupa inachoma vidole, makuta ya dume yaende kwanza kwa chakula.