Mgeni Asipewe Jembe Siku ya Kwanza

Imekuwa desturi yetu, mchezaji wa taifa akishindwa katika nchi ya mbali, kusema kwamba hana moyo. Husemwa hivyo mabwenini, na husemwa hivyo hata mjini Same penye kahawa. Mimi naona kwamba kabla ya kumlaumu yatupasa kuuliza swali moja: alifika lini?

Tumefundishwa katika jiografia kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na saa za Japani ile ya nyuzi 135. Tofauti ni nyuzi 90, yaani saa 6. Basi tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alipoanza mbio za marathoni asubuhi mjini Tokyo, huku kwetu ulikuwa usiku wa manane, na mabweni yote yamelala.

Mwili nao una saa yake. Saa hiyo imo ubongoni, na hurekebishwa hasa na mwanga wa jua. Ndiyo ituambiayo wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Ndege huweza kumfikisha mtu Tokyo kwa siku moja, lakini saa ya mwili humfuata polepole, kwa makadirio ya saa moja kila siku. Tena wataalamu wameona kwamba kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, maana mwili hukubali kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Huu si uchovu wa kawaida wa safari. Mtu akitoka Same kwa basi hadi Tabora huchoka sana, lakini akilala vizuri hupata nafuu, kwa kuwa saa za huko ni zile zile za kwao.

Wanaoujua vyema mzigo huu ni wachezaji wa gofu wa kulipwa, ambao huweza kucheza juma hili bara moja na juma lijalo bara jingine. Wengine wao huja Nairobi katika mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967. Mtu aweza kudhani mchezo huo hauna taabu, maana hawakimbii. Lakini ni siku nne, mashimo 18 kila siku, na kila pigo lataka jicho kali, mkono mtulivu na akili ya kukadiria. Asiyepata usingizi hupungukiwa na hayo yote.

Najua wapo watakaonijibu: mbona Filbert Bayi alikwenda Christchurch, New Zealand, ambako saa zilitangulia zetu kwa saa 9, na tarehe 2 Februari 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2? Na mbona Simbu alishinda? Hoja hiyo yaonyesha kwamba mtu aweza kuuzoea ugeni. Haionyeshi kwamba aweza kushuka katika ndege leo na kushindana kesho. Tena tuutazame ushindi wa Simbu. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenga ni sekunde 0.03 tu. Baada ya kilomita 42 na zaidi, medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha ilipatikana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo usiku mmoja wa kukosa usingizi watosha kugeuza dhahabu kuwa fedha.

Wengine watasema siku za ziada ugenini ni gharama. Ni kweli, malazi na chakula hulipiwa. Lakini kumlipia mtu nauli ya ndege hadi mbali, halafu kumnyima siku chache za kuzoea, ni kama kununua mbegu bora na kuzitupa ardhini wakati wa kiangazi. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twampa jembe siku ile ile anayofika, kisha twamcheka akishindwa kulima.

Nasi wanafunzi tusingoje mpaka tupande ndege. Timu inayoshuka alfajiri kutoka Gonja au Suji, wachezaji wamesimama garini njia nzima, na saa nne iko uwanjani, haikubadilisha saa, lakini usingizi imeupoteza. Nawaomba walimu wa michezo waishushe timu siku moja kabla, ilale, ndipo icheze. Nao wazazi wasione mchango wa chakula cha usiku huo kuwa hasara. Ikishindwa baada ya hapo, ndipo tuseme imezidiwa.