Msasa unakula mtaji wa panga za kale

MSIMU wa korosho ukishapita, fedha huadimika katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu ya Kilwa hadi Lindi, na ndipo vitu vya ndani huanza kutolewa sandukuni. Wanunuzi wa chuma chakavu wanalijua hilo. Pale Kitomanga mwandishi wa safu hii alishuhudia upanga mnyoofu, wenye makali pande mbili na mpini wa mviringo usio na kinga ya mkono, ukiwekwa juu ya mizani pamoja na sufuria zilizotoboka na majembe yaliyokwisha. Ulikuwa umesuguliwa kwa msasa mpaka unang'aa. Mzee mwenye mali alieleza kwamba aliushughulikia siku mbili ili upate bei nzuri. "Mjukuu wangu, nani atanunua kitu kina kutu?" aliuliza.

Uliuzwa kwa kilo. Mpini ulibanduliwa kwa kuwa mti hauingii kwenye hesabu ya chuma. Ala ya ngozi, nayo haina uzito wa maana, ilirudishwa ndani.

Swali la mzee yule ni la haki kwa mtu aliyezoea korosho, maana korosho safi ndiyo inayoingia daraja la kwanza. Kwa silaha za kale hesabu inakwenda kinyume, na ni vyema wafanyabiashara wa Kusini wakalifahamu jambo hili kabla mali yote haijaishia kwenye tanuru.

Mahali penye soko lililokomaa la bidhaa hii ni Japani. Huko upanga wa kale una karatasi kama vile mzigo wa ghalani ulivyo na stakabadhi. Sheria inataka kila upanga uwe na kadi ya usajili, na chama cha kuhifadhi sanaa ya panga, NBTHK, kilichoundwa mwaka 1948, huukagua na kuupanga katika madaraja manne: hozon, tokubetsu hozon, juyo na tokubetsu juyo. Wakaguzi hutazama bapa na makali, lakini hutumia muda mwingi kwenye msuka, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mpini. Hapo ndipo fundi alipochonga jina lake, na hapo ndipo kutu nyeusi ya miaka mingi inapoonesha umri. Msuka hauguswi kamwe. Atakayeusugua ili upendeze ameondoa ushahidi wa umri, na mnunuzi anayejua kazi yake atashusha bei papo hapo au ataondoka. Bapa lenyewe hunolewa na fundi aliyesomea kazi hiyo kwa miaka, na gharama yake si ndogo.

Wajapani nao walijifunza kwa hasara. Mwaka 1876 serikali yao iliwapiga marufuku samurai kutembea na panga hadharani. Watu waliokuwa wamepoteza posho zao wakaanza kuuza, na wageni wakanunua kwa bei ya kutupa. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, wanajeshi wa Marekani wakaondoka na nyingine nyingi. Miaka iliyofuata wafanyabiashara wa Japani walifunga safari hadi Marekani kuzinunua upya, safari hii kwa bei ya muuzaji.

Msomaji atauliza, sisi huku tunazo za namna hiyo? Za Kijapani hapana. Lakini pwani hii imepitiwa na chuma kingi. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara chini ya masultani wa Zanzibar katika karne ya 19, na Waomani walikuja na panga nyoofu za aina ile iliyouzwa Kitomanga, vitara na majambia. Nyingi za panga hizo nyoofu zilifungwa bapa la kutoka Ulaya, hasa mji wa Solingen nchini Ujerumani. Kisha yakaja majeshi ya Wajerumani, vita ya Maji Maji iliyoanzia milima ya Matumbi mwaka 1905, na mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, ndani ya mkoa huu huu wa Lindi. Singe za wakati huo zina chapa ya taji na tarakimu mbili za mwaka mgongoni mwa bapa. Msasa ukipita mara tatu, taji limekwenda, mwaka umekwenda, na kilichobaki ni kipande cha chuma.

Majambia yana adui mwingine, naye ni sonara. Fedha ya alani huyeyushwa na kulipwa kwa gramu, wakati jambia zima, na ala yake na mkanda wake, hutafutwa na watu wa Ghuba ambao bado wanalivaa kwenye sherehe zao. Hata hivyo tahadhari inahitajika. Mpini ukiwa wa pembe ya kifaru, hiyo si bidhaa ya kusafirisha. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo imezuiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1977.

Kuhusu matunzo, gharama ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wajapani hupaka bapa mafuta mepesi yaitwayo choji, ambayo kwa desturi hutiwa harufu ya karafuu (wenzetu wa Pemba wanaweza kutabasamu). Kwetu mafuta ya cherehani yanatosha: yapakwe kiasi cha utando tu, yafutwe kwa kitambaa laini cha pamba, na yarudiwe kila baada ya miezi michache kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi. Mafuta ya nazi yasitumike, kwani huchacha na kuganda. Bapa lisishikwe kwa vidole vitupu. Jasho la mkono huacha alama ya kutu. Lisilazwe ndani ya ala ya ngozi masika yote, maana ngozi hunyonya unyevu na kuula upanga ndani kwa ndani. Kutu nyekundu inayochimba isuguliwe polepole kwa mafuta na kitambaa. Ile nyeusi iachwe.

Upo upande wa sheria, na hapa walanguzi hupenda kunyamaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kutambua vitu vya kale, na kuvitoa nchini vitu vinavyolindwa kunahitaji kibali. Kwa hiyo kabla ya kuuza kwa mgeni, muulize mtu wa Idara ya Mambo ya Kale. Na anayeletewa kitu kilichochimbuliwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara asiguse; hiyo ni kesi, si biashara.

Je, mwekezaji mdogo aingize fedha zake humu? Maoni ya safu hii ni hapana. Hakuna mnada wa uhakika karibu, bei hutegemea mnunuzi mmoja mmoja, na bidhaa mpya zilizotiwa kutu kwa chumvi na tindikali zipo. Mwenye hisa au hatifungani asiziuze ili anunue jambia. Ushauri huu unamhusu yule ambaye tayari anao upanga ndani, aliourithi bila kulipa senti. Huyo aache msasa, apige picha, aandike kwenye daftari ulikuwa wa nani, ulipatikana wapi na ulifikaje nyumbani, wazee wanaokumbuka wakiwa bado hai. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kuongeza bei kuliko siku mbili za kusugua.

Mzee wa Kitomanga alipoelezwa hayo alikaa kimya kidogo, kisha akamtuma kijana kwenda kuulizia kama mzigo wa chuma umekwishaondoka kwenda Lindi.