Bi harusi, achana na Lamborghini: kuna MGB GT

Leo nasema na wenzetu walioko Uingereza wanaojiandaa na harusi. Picha za harusi za Birmingham na Bradford tunaziona: Lamborghini la kukodi, bwana harusi anakanyaga mafuta mpaka mtaa mzima ujue anaoa, kisha gari linarudi kwa mwenyewe na deni linabaki nyumbani. Mimi naona kama lazima liwe gari la spoti, liwe MGB GT, na liwe la kununua.

MGB lilianza kutengenezwa mwaka 1962 huko Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford. La mwanzo lilikuwa la wazi, na hilo silishauri. Upepo na shela havipatani. Utafika ukumbini pini zote umezishika mkononi. GT lilikuja mwaka 1965 likiwa na paa la bati, na Pininfarina wa Italia walisaidia kulichora. Paa hilo linateremka taratibu hadi kwenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Masanduku ya nguo yanaingia, na kiti kidogo cha nyuma kinamtosha mtoto. Mtu mzima usimweke, magoti yatamuuma.

Jaguar E-Type ni zuri zaidi, sibishi. Lakini bei yake ni ya matajiri. MGB lina injini ya silinda nne, lita 1.8, na kabureta mbili. Ukifungua boneti kila kitu unakiona, hakuna kompyuta. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000 hadi mwaka 1980, ndiyo maana spea mpya bado zinauzwa. Hata bodi nzima mpya zilianza kutengenezwa tena mwaka 1988. Na kwa kuwa yote yamepita miaka 40, sheria ya huko inaruhusu yasamehewe kodi ya barabara. Lamborghini lina neema hiyo?

Najua shangazi mmoja atasema magari haya ni ya wanaume. Mwambie habari za Pat Moss na Ann Wisdom. Mwaka 1960 walishinda mbio za Liège–Rome–Liège, usiku na mchana milimani, wakiwa na Austin-Healey 3000 lililoundwa kiwanda kilekile cha Abingdon. Wanaume wote walikuwa nyuma yao.

Ubaya wake ni kutu, na kutu hiyo hujificha chini ya milango, kwenye ile mihimili inayobeba bodi. Kuichomelea upya ni gharama kubwa kuliko kutengeneza injini. Basi usidanganywe na rangi inayong'aa. Nenda na sumaku ndogo, ipitishe taratibu chini ya mlango. Pale isiponata, chini ya rangi kuna pati tupu, na hapo bei ishuke au urudi nyumbani.